Enzi ya Mungu na Sindano ya Nyavu

Neno Ruoth, ambalo Wajaluo wa Homa Bay na Migori humwitia Mungu katika sala zao, lilikuwa tangu zamani jina la mtawala wa piny, yaani nchi pamoja na watu wake, aliyeketi na wazee akasikiliza mashtaka na kukata shauri. Na Injili ilipohubiriwa katika mwambao wao wa ziwa, ambako mwaka 1906 Waadventista Wasabato Arthur Carscallen na Peter Nyambo walianzisha misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay, jina hilo likabebeshwa maana kubwa zaidi: Mtawala asiyekufa, ambaye milki yake haina mpaka.

Wanazuoni wa Kikristo hufundisha kwamba Mwenyezi Mungu, baada ya kuuumba ulimwengu, huuhifadhi usitoweke, hutenda kazi pamoja na viumbe vyake, na huviongoza vyote kwenye kusudi lake. Wamehitilafiana juu ya namna ya uongozi huo, kwani Calvin, katika kitabu chake kikuu alichokikamilisha mwaka 1559, alishikilia kwamba halitukii neno ila kwa amri ya Mungu, hali Arminius, na Wesley baada yake, walisisitiza hiari ambayo neema humrudishia mwanadamu. Lakini wote waliafikiana kwamba Mungu si mwasisi wa dhambi. Naye Thomas Aquinas, karne tatu kabla ya Calvin, alikwisha kueleza kwamba Mungu hutawala kwa kupitia sababu alizoziumba mwenyewe, mikono ya watu ikiwa miongoni mwazo.

Jambo hilo mvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hulijua bila kitabu. Mwezi ukiwa gizani, hukaa mchangani alasiri akishona nyavu, hujaza mafuta ya karabai, kisha huomba na kusukuma mtumbwi majini. Na wala sala yake haijapata kumwondolea sindano mkononi.

Kwa hiyo ni kosa kuifanya enzi ya Mungu kuwa kisingizio cha kukaa bure, na ni kosa zaidi kuifanya fimbo ya kumpigia mgonjwa. Ukimwi ulipozijaza nyumba zetu matanga, wako walionena kwamba ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na wako walionena kwamba ni hukumu. Ilhali Yesu, alipotajiwa msiba, aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi katika hospitali ya Homa Bay, watu waliokuwa wakingojewa kaburini walirejea mashambani. Na imani yangu ni kwamba dawa ile haikushindana na kudura ya Mungu, bali ilikuwa mojawapo ya njia zake.

Na wale waliofariki kabla dawa haijafika? Hapo mwalimu wa dini hana budi kunyamaza kwanza. Ayubu alilalamika kwa uchungu, na Mungu hakumfukuza mbele yake. Mjane anayelia kaburini, akimwuliza Ruoth kwa nini, hajaikana enzi yake. Amepeleka mashtaka yake barazani, kwa Mtawala mwenye haki ya kuyasikiliza.