Goma na Bukavu: Rumatisime ikiamka baada ya mawazo mengi, hesabu kwanza vidonge

Katika familia nyingi za Goma na Bukavu kuna mtu ambaye mikono yake haikunji asubuhi. Vidole vimevimba, vifundo vina moto, na mpaka saa nne hawezi kufunga kifungo cha shati wala kushika mchi. Majirani wanasema ni upepo wa ziwa. Wengine wanasema ni uzee, hata kama mwenyewe ana miaka 35. Wapo pia wanaosema ametegewa na mtu. Hospitalini wanaiita poliatriti, mtaani ni rumatisime, na vitabu vya Kiswahili vinaiita baridi yabisi, jina linalopotosha kidogo, maana baridi haina kosa kubwa hapa.

Kosa ni la kinga ya mwili. Badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia utando laini unaofunika viungo kwa ndani. Viungo vinavimba, vinauma, na miaka ikipita bila matibabu, mifupa inalika na vidole vinapinda. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini unaweza kutulizwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, OMS, watu milioni 18 walikuwa wakiishi nao mwaka 2019, na karibu asilimia 70 ni wanawake.

Wagonjwa wenyewe wanajua jambo moja ambalo hawahitaji kuambiwa na mtu: ugonjwa huu una majira yake. Unaweza kulala miezi mitatu, kisha ukaamka kwa usiku mmoja. Na ukiwauliza ni nini kiliuamsha, wengi watataja msiba, deni, ugomvi wa nyumbani, au usiku wa risasi. Katika miji hii miwili sababu za kukosa usingizi hazijapungua. Wakaaji wa Goma walikimbia volkano ya Nyiragongo mwezi Mei 2021. Januari 2025 vita viliingia mjini mwao pale M23 ilipouteka, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu.

Je, kweli mawazo yanaweza kuvimbisha goti? Ndiyo, na si jambo la kuwazia tu. Mtu anapoogopa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na kortisoli. Kortisoli, kwa kawaida, ni rafiki wa viungo: inazima uvimbe. Hofu ya dakika tano haileti shida. Shida inakuja pale hofu inapokaa wiki na miezi. Seli za kinga zinaizoea kortisoli, zinaacha kuisikiliza, na uvimbe unakosa wa kuuzuia. Ongeza hapo usiku usio na usingizi, ambao nao unapandisha kemikali zinazochochea uvimbe katika damu, na asubuhi vidole vinakuwa kama vimefungwa kamba.

Utafiti mkubwa uliofanyika Uswidi na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA uliwafuatilia watu zaidi ya 100,000 waliougua kutokana na mshtuko au msongo mzito. Walionekana kupatwa na magonjwa ya kinga kujishambulia kuliko ndugu zao wa damu ambao hawakupitia hali hiyo. Hilo halina maana kwamba kila mwenye huzuni atapata rumatisime. Lakini linatosha kumnyamazisha yule shemeji anayesema mgonjwa anajifanyisha ili asifue nguo.

Basi ushauri unaotolewa kila mahali ni huu: epuka stress. Kwa mtu wa Goma, ushauri huo ni sawa na kumwambia aepuke mawe ya volkano. Mji umejengwa juu yake. Mama anayelisha watu wanane kwa meza ya makayabu sokoni hana mahali pa kwenda kupumzika, na kumwambia atulize roho bila kumwambia namna ni kumwongezea lawama juu ya maumivu. Kilicho na faida zaidi ni kutazama vitu gani vinafuatana na mawazo hayo, maana baadhi yake vinashikika.

Cha kwanza ni vidonge. Dawa zinazotuliza kinga, kama metotreksati, hazifanyi kazi kama za maumivu. Zinachukua wiki nyingi kabla mgonjwa hajaona nafuu, na zikikosekana, mwili hauoni pengo lake kesho yake. Unaliona baada ya wiki kadhaa. Hapo ndipo hesabu inapochanganyika. Chukua mfano wa mama huyo wa makayabu. Vita vinakaribia, bei zinapanda, anaanza kumeza dozi moja na kuruka moja ili pakiti imfikishe mbali. Kisha benki zinafungwa, kama zilivyofungwa Goma Januari 2025, uwanja wa ndege unafungwa pia, na farmasi anayoijua haina tena dawa yake. Anakaa mwezi bila kitu. Siku anapozikwa mjomba wake, magoti yanavimba. Atasema ni msiba ulioamsha ugonjwa, na familia yote itakubali. Msiba una sehemu yake, lakini zile dozi zilizorukwa zina sehemu kubwa zaidi, na hakuna anayeziuliza.

Hiyo ndiyo sababu swali la kwanza, ugonjwa unapoamka, lisiwe «una mawazo gani?» bali «umekunywa dawa mara ngapi mwezi huu?» Mtu anayejiona ameshindwa na roho yake kumbe ameshindwa na pakiti tupu anaweza kusaidiwa kwa njia nyingine kabisa. Ndugu aliye Lubumbashi au Kampala anaweza kutuma franga kwa simu. Kikundi cha AVEC au likelemba kinaweza kumpa zamu yake mapema. Na anayeishi na ugonjwa huu katika Kivu ana haki ya kuwa mbahili katika jambo moja: dawa za mwezi mmoja mbele, zikiwekwa mahali pakavu, zisizoguswa ila kwa kuzizungusha ili zisipitwe na muda.

Kuhusu metotreksati kuna neno la kusemwa kwa nguvu. Hunywewa mara moja kwa wiki, siku ileile, si kila siku. Kuimeza kila siku kwa kukosea, hasa pale mtu anapotaka kufidia dozi alizoruka, kunaweza kuua. Mwanamke anayeitumia hapaswi kushika mimba kabla ya kuzungumza na daktari, na pombe haifai pamoja nayo.

Njia ya mkato inayowavuta wengi ni prednisoloni na deksametazoni, vidonge vilevile ambavyo baadhi ya watu katika miji ya Kongo hunywa ili wanenepe. Mvuto wake una historia. Mwaka 1948, huko Rochester nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mwanamke ambaye rumatisime ilikuwa imemlaza. Baada ya siku chache tu alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench alipata tuzo ya Nobel pamoja na wanakemia wawili, Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Furaha ilikuwa kubwa, na baadaye ikapungua madhara yalipoanza kuonekana: uso kuvimba, mifupa kuwa myepesi, sukari kupanda, vidonda vya tumbo, kinga kushuka.

Dawa hizi bado zina kazi yake. Siku chache za prednisoloni, kwa kipimo cha daktari, zinaweza kumwinua mtu kitandani. Hatari iko katika mambo mawili. La kwanza ni kujiongezea kila mawazo yanapozidi, mpaka zinakuwa kama chumvi ya kila siku. La pili, ambalo linaua haraka zaidi, ni kuziacha ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu. Zile tezi za juu ya figo huwa zimelala, maana kazi yao ilikuwa inafanywa na kidonge. Ukikatisha siku moja, mwili unabaki bila kortisoli wakati ule ule unapoihitaji zaidi: safarini, katika ukimbizi, katika homa. Presha inashuka, mtu anatapika, anaishiwa nguvu, na anaweza kufa watu wakidhani ni malaria. Anayekunywa prednisoloni kila siku hapunguzi mwenyewe. Anapunguza kwa ngazi, daktari akimwonyesha.

Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu lakini hazizuii mfupa kulika, na zikiunganishwa na prednisoloni zinaweza kutoboa tumbo. Mengi zaidi hakuna.

Kisha kuna homa. Ugonjwa ukiamka unaweza kuleta uchovu na joto kidogo, lakini homa kali si ya kusingizia mawazo. Katika Kivu inaanza na kipimo cha malaria. Na kiungo kimoja kikivimba sana peke yake, chekundu, cha moto, kisichogusika, huku mtu ana homa, hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo. Ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwa haujaingia. Wanaotumia dawa zinazoshusha kinga wako katika hatari hiyo zaidi, na homa yao inaweza kuonekana ndogo kuliko ugonjwa ulivyo.

Ukitoa dawa, kinachobaki ni mikono na kazi zake. Hapa ndipo familia inapoweza kufanya kitu bila franga hata moja. Bidoni ya lita 20 kutoka ziwani, kinu cha sombe, nguo za watoto katika beseni: kazi hizi tatu zinabeba karibu uzito wote wa siku ya mwanamke, na zote zinapita katika vifundo vya vidole. Bidoni mbili za lita 10 zikibebwa kwa zamu si aibu. Sombe inaweza kutwangwa na kijana wa kiume wa nyumba hiyo, na mchi haujawahi kuuliza nani anaushika. Asubuhi, kabla ya kazi yoyote, mikono iwekwe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, vidole vikifunguliwa na kufungwa polepole. Kiungo kilichovimba sana kipewe pumziko, lakini kulala kitandani siku nzima kunakaza viungo vingine vyote.

Wengi hukosea katika siku za nafuu kuliko siku za maumivu. Mgonjwa akiamka mzima anataka kumaliza kazi za wiki nzima kabla ya jua kuzama, kwa sababu ya deni analolihisi kwa wenzake. Kesho yake analala tena, na nyumbani wanasema: jana alikuwa mzima, leo anajidai. Afadhali kazi ya saa mbili kila siku kuliko ya saa kumi siku moja.

Usingizi nao unahitaji kulindwa kama dawa. Usiku wa milio haulindiki, hilo linajulikana. Lakini kuna usiku mwingi wa kawaida unaoliwa na simu, habari za WhatsApp zinazozunguka saa sita za usiku, nusu yake uongo. Mtu mwenye rumatisime anayezisoma kitandani analipa kwa vidole vyake asubuhi. Kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kwa dakika chache kabla ya kulala, kunashusha mapigo ya moyo. Mazoezi ya kwaya yanaweza kusaidia kwa namna ileile, na yana faida ya ziada ya kumtoa mtu nyumbani, maana upweke nao unaongeza maumivu.

Madaktari bingwa wa viungo ni wachache nchini, na Kinshasa ni mbali. Kwa hiyo kila kikao na daktari, hata wa kawaida, kitumike kupata mpango wa siku mbaya ulioandikwa: ugonjwa ukiamka ni kidonge gani, kiasi gani, siku ngapi, kupunguzwa vipi, na dalili gani za kukimbilia hospitali. Karatasi hiyo iandikwe majina ya dawa yenyewe, si ya pakiti, kwa sababu farmasi ya ng'ambo ya mpaka inaweza kuwa na pakiti nyingine. Ipigwe picha kwa simu. Na nakala yake ikae pamoja na kadi ya mpiga kura, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ambayo watu wa hapa hawaisahau wanapokimbia.