Uwatu Jikoni, Vidonge Mkobani

Ni nadra nyumba yetu moja hapa Uingereza, au ya ndugu zetu walioko Maskati na Dubai, kukosa kopo la uwatu. Tulitoka nao kwetu. Mzazi hunyweshwa ili apate maziwa, na Waarabu huuita hilba. Siku hizi kopo hilo limepata kazi nyengine: wengi wetu wenye maradhi ya sukari huuroweka usiku, asubuhi wakanywa.

Je, una faida? Faida ipo. Punje zikiroweka hutoa ute. Ute ule tumboni huzuia chakula kisishuke kwa kasi, basi sukari huingia damuni kidogo kidogo. Ukifika matumboni hukamata nyongo na kutoka nayo. Ini likipungukiwa nyongo huchota kolesteroli katika damu ili kutengeneza nyengine, na hivyo mafuta ya damu hupungua. Tena punje zina asidi ya amino iitwayo hidroksi-isoleusini, ambayo katika maabara imeonekana kulihimiza kongosho kutoa insulini. Majaribio juu ya watu nayo yameonyesha sukari kushuka, lakini mengi ni madogo, na kila moja lilitumia kipimo chake.

Wala mtu asidharau majani. Vidonge vya metifomini, ambavyo wengi wetu tunavyo mkobani, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na wazee wa huko zamani. Dawa ya mmea wenyewe ilikuwa na sumu. Mwaka 1922 Emil Werner na James Bell wa Dublin walitengeneza metifomini, jamaa yake iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matumizi yake kwa wagonjwa. Basi jani na kidonge si maadui. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, na kijiko cha uwatu hakikupimwa.

Hapo ndipo yalipotukuta. Ramadhani moja shangazi yangu alianguka jikoni kabla ya magharibi, jasho linamtoka, maneno hayatamkiki. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Alikuwa akimeza vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, na juu yake bilauri ya uwatu kila daku. Saumu, vidonge na uwatu vilikutana siku moja. Hospitali waliuliza, "Kuna dawa nyengine anayotumia?" Sote tulijua, na sote tulinyamaza. Tuliona haya kutaja dawa ya bibi mbele ya daktari wa Kizungu.

Siku ya tatu shangazi alisema mwenyewe. Daktari hakumkaripia. Alimbadilishia vidonge, akamwambia uwatu abakie nao wa mchuzini tu.

Kwa hivyo, ndugu wasomaji, usiache vidonge kwa ajili ya uwatu, wala usichanganye viwili hivyo kwa siri. Anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande aulize kwanza, na mja mzito asinywe kwa wingi. Kabla ya Ramadhani, nendeni kwa daktari na kopo mkononi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi Mungu alitustahi. Shangazi yuko, na mwaka huu ndiye aliyetupikia futari.