Fahamu: Tutajuaje kama mradi wa kusoma umefaulu?

Mtoto wa darasa la pili akimaliza mwaka anasoma vizuri kuliko alivyoanza, hilo pekee halithibitishi kazi ya mradi. Huenda angefika hapo kwa masomo ya kawaida. Ndiyo maana Kenya, kabla ya kusambaza mradi wa kusoma wa Tusome nchi nzima mwaka 2015, ilijaribu mpango uliotangulia, PRIMR, katika shule zilizochaguliwa kwa kura, nyingine zikisubiri zamu. Wapo wanaoona ni dhuluma kuwasubirisha watoto, lakini kuwapa wote mbinu isiyofaa ni dhuluma kubwa zaidi.

Kipimo nacho kina ubishi. Mtoto hupewa kifungu kifupi, kisha huhesabiwa maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika; Kenya iliweka lengo la 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, kwa kuwa neno moja la Kiswahili kama “nitakupikia” hubeba sentensi nzima. Wakosoaji husema kasi si uelewa. Ni kweli, na ndiyo sababu maswali kuhusu kifungu hufuata. Hata hivyo, anayekwama kila silabi hufika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Kwa hiyo ripoti ikitangaza mafanikio, uliza mawili: wanafunzi walilinganishwa na nani, na walielewa nini?