Unga mweusi wa boroni: namna mwanga usioonekana ulivyosaidia kusoma siri ya umeme usiopotea

Kwa miaka mingi, unga huo mweusi ulikaa katika chupa za wauza kemikali bila mtu kuujali. Mwaka 2001, timu ya Profesa Jun Akimitsu wa Japani ilitangaza kwamba unga huo, mchanganyiko wa magneziamu na boroni, ukipozwa hadi digrii 234 chini ya sifuri, unapitisha umeme bila kupoteza hata kidogo.

Swali likabaki: ni kitu gani kinachozifungulia elektroni njia?

Ili kujibu, watafiti walitumia pia miale ya infraruji, ile tunayoisikia kama joto tukiketi karibu na makala yanayowaka. Wanaimulika fuwele ya mchanganyiko huo, kisha wanapima mwanga unaorudi.

Kazi si rahisi. Ndani ya metali, elektroni huru zinarudisha karibu mwanga wote, kama kioo, na kufunika alama ndogo za atomi zinazotikisika. Lakini kwenye baridi ile kali, elektroni zinaungana mbili mbili. Mwanga wenye nguvu ndogo hauwezi tena kuzitenganisha, unarudi wote. Pale unapoanza kumezwa, ndipo watafiti wanasoma nguvu inayofunga jozi hizo.

Na kinachozifunga? Mtikisiko wa boroni, ambayo atomi zake zimepangwa kama sega la asali. Huko Iowa, Marekani, watafiti walitumia boroni nyepesi pahali pa ile nzito. Atomi nyepesi hutikisika haraka zaidi, na kweli, umeme ulianza kupita bila kizuizi mapema, kwenye joto lililozidi kwa digrii 1 hivi.

Faida yake ni nini? Mashine nyingi za IRM hospitalini zinatumia nyaya za niobiamu na titani. Niobiamu ni ile metali inayokaa pamoja na tantali ndani ya coltan, inayojulikana sana Kivu. Nyaya hizo zinapozwa kwa heliamu ya maji, digrii 269 chini ya sifuri, na heliamu ni ghali. Nyaya za boroni zinaweza kufanya kazi kwenye digrii 253 chini ya sifuri, bila kuzamishwa katika heliamu hiyo. Kituo cha CERN, karibu na Geneva, kimekwisha kuzijaribu kwa mikondo mikubwa ya umeme.

Nyaya za nyumbani zitangoja: baridi hiyo bado ni kali mno.