Mgonjwa Naye Aulizwe

Leo tungependa kuongea nanyi juu ya neno moja ambalo wengi wetu hulitoa upesi mno mbele ya daktari, yaani "ndiyo".

Mama mmoja jirani yetu aliona uvimbe kwenye titi. Alipimwa, akaambiwa ni saratani, na kwamba titi litaondolewa juma lililofuata. Akaitika, "Ndiyo, daktari." Kisha akapanda gari akarudi nyumbani, wala hakuonekana tena hospitalini kwa miezi miwili. Daktari alidhani amekubali, kumbe mama aliogopa tu kubisha.

Na tufahamishane hapa. Zamani titi zima lilikatwa bila mazungumzo mengi. Hata kule Marekani, mwanamke alilazwa usingizi ili uvimbe upimwe, akaamka titi halipo. Mwaka 1974 mwandishi wa habari Rose Kushner alikataa kupimwa na kukatwa kwa usingizi mmoja. Wengine walimwona msumbufu, lakini mwaka 1979 jopo la wataalamu wa huko lilishauri mambo hayo mawili yatenganishwe, ili mwanamke apate nafasi ya kufikiri.

Baadaye Dakta Bernard Fisher na wenzake waliwafuatilia wanawake 1,851 ambao uvimbe wao haukuzidi sentimita 4. Baada ya miaka 20, mwaka 2002, walieleza kwamba waliokatwa titi zima na waliotolewa uvimbe peke yake waliishi sawasawa. Ila kwa waliotolewa uvimbe bila kupigwa mionzi, ugonjwa ulirudi katika titi lilelile kwa watu kama 39 katika kila 100. Waliopigwa mionzi walikuwa 14 hivi.

Basi zipo njia mbili, na hapo ndipo shauri linapohitaji watu wawili. Daktari anaujua uvimbe. Lakini mionzi hupigwa siku tano kwa juma, mara nyingi kwa majuma matatu hadi sita, na mashine zake haziko katika kila kaunti. Nani atakamua ng'ombe? Mama atalala kwa nani mjini? Na titi lenyewe lina thamani gani kwake? Mambo hayo hayaonekani katika picha ya eksirei. Ni lazima mwenyewe ayaseme.

Hata yule kipofu Bartimayo, ambaye kila mtu aliona haja yake, aliulizwa kwanza anataka afanyiwe nini.

Nchini Kenya jambo hili si hisani ya daktari mpole. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba anaweza kukataa. Tena, inapowezekana, kwa lugha anayoifahamu. Bila shaka mtu anayevuja damu hangojewi ajadiliane, na si kila ugonjwa una njia mbili. Lakini kuuliza si utovu wa adabu. Uliza: je, iko njia nyingine? Nikingoja itakuwaje? Nitalipa nini? Mchukue ndugu wa kukusaidia kukumbuka majibu. Nawe useme kweli juu ya vidonge usivyomeza na mitishamba unayokunywa, maana daktari hawezi kushauriana na mtu anayemficha.

Yule mama tulirudi naye hospitalini, yeye na mdogo wake. Daktari akampima upya, akavuta kiti, akaeleza njia zote mbili, ambazo kwa bahati zilikuwa bado wazi. Walizungumza kama nusu saa. Mama alichagua titi liondolewe, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia watoto majuma yote yale. Tukiwa njiani kurudi, mdogo wake alisema yeye angechagua ile nyingine.