Mshahara wa kwanza: uliza kitakachobaki kwenye simu

Umemaliza uhandisi na kiwanda cha chai kimekupigia: kazi ni yako, mshahara Sh60,000. Mzee nyumbani ameshawaambia majirani. Unatamani kusema "nimekubali" kabla hawajabadilisha nia. Ngoja kidogo.

Kama umelelewa Litein, Kapkatet au Mogogosiek, somo hili unalijua tayari. Kilo zinazopimwa kituoni si pesa zinazoingia kwa simu. Mbolea hukatwa, mkopo hukatwa, ndipo mkulima anahesabu chake. Mshahara nao ni hivyo hivyo.

Piga hesabu kwanza

Kwa viwango vya 2025, Sh60,000 hukatwa hivi kila mwezi:

- NSSF (asilimia 6): Sh3,600
- SHIF, bima ya afya (asilimia 2.75): Sh1,650
- Ushuru wa nyumba (asilimia 1.5): Sh900
- PAYE, baada ya nafuu ya Sh2,400: kama Sh8,540

Inabaki kama Sh45,310. Ukiwa na mkopo wa HELB, nao watachukua chao. Sasa toa kodi ya nyumba, chakula, nauli ya kila siku na ile ya kutuma nyumbani. Hapo ndipo utajua kiwango ambacho huwezi kushuka chini yake. Kiandike kabla ya kuongea na mtu.

Si mshahara tu unaojadiliwa

Nyongeza ya Sh10,000 ikishakatwa, inafika mkononi kama Sh6,280. Kwa hivyo nyumba ya kampuni huenda ikakufaa zaidi ya nyongeza. Uliza tu kama thamani yake itatozwa kodi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe nyumba inayofaa au posho ya kutosha kulipia, isipokuwa mkataba uwe umejumuisha posho hiyo ndani ya mshahara. Uliza wazi: "Hizi Sh60,000 zina posho ya nyumba ndani?"

Uliza pia kuhusu zamu za usiku. Majani yakiwa mengi, mitambo hailali, na boila ikizima saa nane usiku ni wewe utaitwa. Je, kuna ovataimu? Na je, utafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya (EBK)? Uzoefu huo utauhitaji ukitaka nawe kusajiliwa kama mhandisi kamili.

Sema hivi

"Asante sana Madam, kazi hii naitaka. Nimeangalia majukumu na zamu za usiku, na nilikuwa naomba tufikirie Sh70,000. Kama bajeti hairuhusu, tunaweza kuongea kuhusu nyumba, au tuangalie mshahara tena nikimaliza miezi ya majaribio?"

Kisha nyamaza. Mwache ajibu. Usitaje kazi nyingine ambayo hujapewa. Kericho na Bomet watu wanajuana.

Akisema haiwezekani, rudi kwa ile namba uliyoandika. Kama mshahara unaifikia, unaweza kukubali bila kinyongo. Kama haufiki, afadhali ujue leo kuliko mwezi wa tatu ukiwa na deni la nyumba.

Pata kwa maandishi

Mliyokubaliana yawe kwenye mkataba: mshahara, nyumba, ovataimu, na muda wa majaribio, ambao kwa kuanzia hauzidi miezi sita. Maneno ya kwenye simu hayalipi kodi ya nyumba.

Jihadhari

Ukiambiwa utume pesa ya "fomu" au ya "kuhifadhi nafasi" kwa namba ya mtu binafsi, hiyo si kazi, ni wizi. Usitume. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anataka kukuwekea mshahara. Kupokea pesa hakuhitaji PIN.

Mama hatii sahihi karatasi ya kituoni kabla ya kusoma mizani. Nawe soma mizani yako.