Je, Wajua? Bata si ndege tu

Ukimwambia kijana wa Dar es Salaam kuwa wikiendi unakula bata, hatakuuliza nyama umeinunua wapi, anajua unastarehe. Ndege mwenyewe Waarabu humwita batt, na ndugu yake bata bukini amebeba jina la kale la Kiswahili la Madagaska: Bukini.

Vuka bahari uone vituko. Ufilipino, bata ni mtoto. Indonesia, ni tofali. Mhispania akivaa bata, amevaa joho la nyumbani, au koti jeupe la daktari. Na huko Guinea ya Ikweta, Bata ni mji mkubwa wa pwani.

Utamu zaidi uko kwa Wayoruba wa Nigeria, ambao lugha yao hutenganisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Ukitamka silabi zote mbili kwa sauti ya chini, bàtà ni kiatu. Ukiipandisha ya pili, bàtá ni ngoma, ile ile iliyovuka Atlantiki pamoja na watumwa na ambayo hadi leo hupigwa Kuba, tatu kwa pamoja.

Kiatu? Ndiyo, lakini usikimbilie kuunganisha. Viatu vya Bata tulivyovaa shuleni havikupata jina Uyorubani. Ni jina la ukoo wa Tomáš Baťa, aliyeanzisha kampuni hiyo na ndugu zake mwaka 1894 mjini Zlín, katika Ucheki ya leo. Sadfa tupu, ingawa nadhani wauza viatu wa Lagos hawalalamiki.